Mtoto Aliyetimiza Miezi Asitimize Uzito

Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za haki na amani



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto wanaozaliwa wakiwa na uzito mdogo kuliko umri wa mimba zao. Natambua kwamba baadhi yenu, mlipoiona mada hii katika ratiba ikiwa imebanwa kati ya mada ya migogoro ya ardhi na ile ya mirathi ya wajane, mlijiuliza mizani ya watoto inahusiana nini na kamati zetu. Swali hilo ni halali. Mimi ni mkunga, si mwanasheria, kwa hiyo nitaanzia pale ninapopajua, yaani kwenye mizani. Kisha nitajaribu kuonyesha kwamba kile kinachosomeka pale mara nyingi ni hukumu iliyokwisha kutolewa miezi mingi kabla, nyumbani, shambani na kazini, pasipo mwenye kesi kuitwa wala kusikilizwa.

Watoto wawili, uzito mmoja

Tuwafikirie watoto wawili waliozaliwa usiku mmoja katika wodi moja. Kila mmoja ana gramu 2,100. Wote wawili wako chini ya gramu 2,500, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka wa uzito pungufu, na katika daftari la wodi wataandikwa mmoja chini ya mwingine kana kwamba ni pacha. Lakini sivyo. Wa kwanza amezaliwa mimba ikiwa na wiki 33. Huyo ni njiti. Kwa mtoto wa wiki hizo uzito wake ni wa kawaida; kukua kwake kulikuwa kunakwenda vizuri, ila safari imekatizwa. Ngozi yake ni nyembamba na laini, nyayo zake hazijapata mikunjo mingi, na ukilikunja sikio lake halirudi upesi mahali pake. Hofu yetu kubwa juu yake ni mapafu ambayo hayajakomaa.

Wa pili amezaliwa mimba ikiwa na wiki 39. Huyo ametimiza miezi yake yote. Nyayo zake zimejaa mistari, masikio yake ni magumu, na mara nyingi huwa amekodoa macho akitazama huku na huku kama mtu mzima aliyeamshwa ghafla. Lakini kichwa chake kinaonekana kikubwa kwa mwili wake, ngozi ya mapaja yake imelegea na kukunjamana, kamba ya kitovu chake ni nyembamba, na uso wake ni wa kizee. Huyo hakunyimwa muda. Alinyimwa chakula na hewa ndani ya muda aliokuwa nao. Ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Kwa miaka mingi hata wataalamu hawakuwatofautisha watoto hao. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mtoto mwenye gramu 2,500 au pungufu ahesabiwe kuwa amezaliwa kabla ya wakati wake. Ilipofika mwaka 1961 ndipo wataalamu wa Shirika hilo walipokubali kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wametimiza miezi, na tangu hapo neno uzito pungufu likaanza kutumika. Kisha mwaka 1967 madaktari wawili wa Denver huko Marekani, Frederick Battaglia na Lula Lubchenco, walitoa utaratibu wa kumtazama mtoto kwa vipimo viwili kwa pamoja, uzito wake na umri wa mimba yake. Kwa utaratibu huo, mtoto huhesabiwa kuwa mdogo kwa umri wake endapo, tukiwapanga watoto 100 wa umri ule ule wa mimba kuanzia aliye mwepesi hadi aliye mzito, yeye angeangukia katika wale 10 wa mwanzo.

Nanyi mtauona mara moja udhaifu wa kipimo hicho. Katika kila watoto 100 wenye afya, lazima wawepo 10 walio wepesi kuliko wenzao, na baadhi yao ni wadogo tu kama wazazi wao walivyo wadogo wa umbo, wala hawana kasoro yoyote. Mkunga mwenye busara hamtishi mama kwa tarakimu. Humtazama mtoto mwenyewe, humpima urefu na kichwa, na huuliza mimba ilikwendaje. Lakini ikiwa katika eneo fulani wanaoangukia chini ya mstari ule si 10 bali ni 20 au zaidi katika kila 100, hapo hatuzungumzii tena maumbile ya mtu mmoja mmoja. Kuna jambo linalowapata mama wa eneo hilo. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023, watoto wapatao milioni 23.4 duniani walizaliwa wadogo kwa umri wao katika mwaka 2020, Asia ya Kusini ikiongoza na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ikifuata.

“Ukoo wetu ni wa watu wadogo”

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kando ya vitanda vya wazazi, na mara nyingi husemwa kwa nia njema, ili kumfariji mama. Wakati mwingine husemwa hata na wasomi, kwamba Mwafrika kwa asili yake huzaa watoto wadogo kuliko Mzungu. Jambo hili limechunguzwa. Watafiti wa mradi uitwao INTERGROWTH-21st waliwafuatilia wajawazito katika miji na maeneo manane: Pelotas huko Brazili, Turin nchini Italia, Muscat katika Omani, Oxford nchini Uingereza, Seattle nchini Marekani, sehemu moja ya Beijing nchini China, Nagpur nchini India, na hapa kwa majirani zetu, Parklands mjini Nairobi. Waliwachagua wanawake wenye afya, wanaokula vizuri, wasiovuta sigara, wenye huduma nzuri ya kliniki, wanaoishi mahali pasipo na hatari kubwa kwa mimba. Anayeifahamu Nairobi anajua kwamba Parklands si mtaa wa wenye dhiki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Watoto wa Nairobi na wa Oxford, wa Muscat na wa Pelotas, walikua tumboni kwa mwendo unaokaribiana sana. Tukichukua urefu wa mtoto anapozaliwa, tofauti kati ya mahali na mahali ilikuwa asilimia 3.5 tu ya tofauti zote zilizoonekana. Zilizobaki zilikuwa tofauti za kawaida kati ya mtu na mtu. Wapo wataalamu wanaobishana kama kipimo kimoja kinafaa kweli kwa kila taifa, na mjadala huo haujafungwa. Hata hivyo, kwa kazi yetu jambo moja latosha: mama wa Kiafrika akila, akipumzika na akitunzwa, mtoto wake hukua tumboni karibu sawa na mtoto wa mama wa Ulaya. Kwa hiyo basi, watoto wetu wanapozaliwa wadogo kwa wingi kuliko wenzao, tusiwasingizie mababu. Tuulize mama zao waliishije.

Na kuna singizio jingine lililo baya kuliko hilo. Mtoto akiwa mnyonge husemwa kwamba amebemendwa, na wanaotazamwa ni wazazi wake, hasa mama, kwamba hakutunza miiko. Mama aliyebeba ndoo za maji hadi wiki ya mwisho anabebeshwa tena na aibu. Naomba kamati zetu zilikatae jambo hili waziwazi, kwa sababu si kweli, na kwa sababu linamfanya mama amfiche mtoto badala ya kumleta zahanati.

Njaa na sahani

Sasa tuutazame ushahidi juu ya chakula. Nitaanza mbali, kwa sababu huko ndiko jambo lilikoonekana wazi kabisa.

Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi yaliyokuwa yakija kuikomboa nchi yao. Wajerumani waliokuwa wakiitawala walijibu kwa kuzuia chakula kisifike katika miji ya magharibi. Mgawo wa chakula wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na baadaye ukashuka zaidi. Watu wapatao 20,000 walikufa. Katika taabu ile yote wakunga waliendelea kuwapima watoto na kuandika. Ndiyo sababu tunajua kwamba watoto ambao mama zao walishikwa na njaa katika miezi 3 ya mwisho ya mimba walizaliwa na uzito uliopungua kwa gramu 300 hivi. Nchi ilipokombolewa Mei 1945 na chakula kikarudi, uzito wa watoto nao ulirudi. Hata wale waliotungwa wakati wa njaa na kuzaliwa baada ya chakula kupatikana walizaliwa na uzito wa kawaida. Hakuna aliyeweza kusema kwamba wanawake wa Amsterdam walibadilika ukoo kwa miezi sita. Na njaa ile, ndugu wajumbe, haikuletwa na nzige wala ukame. Ilitiwa sahihi na watu ofisini.

Mfano wa pili ni wa Afrika, tena wa vijijini, nao ndio ninaoupenda zaidi kwa kuwa hauhusu msiba bali dawa yake. Nchini Gambia, kuanzia Juni hadi Oktoba, ni kipindi cha njaa: ghala limekwisha, mavuno mapya bado, na kazi ya shamba ndiyo nzito kuliko wakati wowote. Watafiti walichukua vijiji 28. Katika baadhi ya vijiji hivyo wajawazito walipewa kila siku biskuti za karanga na unga wa mchele zenye kalori zipatazo 1,000, kuanzia karibu na katikati ya mimba. Katika vijiji vingine walipewa baada ya kujifungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997. Kwa mwaka mzima, watoto wa mama waliopata biskuti wakiwa na mimba walizidi wenzao kwa gramu 136. Kwa wale waliozaliwa katika kipindi cha njaa, ziada ilikuwa gramu 201. Kwa wale wa wakati wa mavuno, gramu 94. Na jambo ambalo mizani haiwezi kulionyesha: watoto waliozaliwa wafu, na wale waliokufa katika wiki ya kwanza, walipungua karibu nusu.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Hakukuwa na mashine wala daktari bingwa. Ilikuwa karanga. Na kama zingehitaji kununuliwa, mjawazito yupi katika vijiji vyetu ana neno juu ya fedha za kununulia karanga?

Mfano wa tatu ni wa jijini Dar es Salaam. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI. Wote walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kama ilivyo desturi. Nusu yao wakaongezewa vitamini za kundi B pamoja na C na E. Miongoni mwa waliopata nyongeza, watoto waliozaliwa wadogo kwa umri wa mimba walikuwa asilimia 10.7, na miongoni mwa wasiopata walikuwa asilimia 13.6. Huenda mtu akasema tofauti ya asilimia 3 ni ndogo. Katika kila wazazi 1,000 ni watoto 29.

Lakini chakula si suala la umaskini wa taifa peke yake. Kuna mahali ambapo chakula kipo na mjamzito hakipati. Twajua desturi ya kumpakulia baba kwanza, kisha wageni, kisha watoto, na mama akakwangua sufuria. Twajua miiko ya kumkataza mjamzito mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Na twajua shauri la kumtaka ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kupita. Shauri hilo latokana na hofu ya kweli, kwa maana wanawake wengi wamekufa kwa uchungu uliokwama mbali na hospitali. Lakini jibu la uchungu uliokwama ni gari, barabara na chumba cha upasuaji. Si kumnyima mtoto chakula akiwa bado tumboni.

Mbu, damu na jembe

Katika nchi zetu malaria ni mwizi wa pekee wa uzito wa mtoto. Mtoto hulishwa kupitia kondo la nyuma, na hapo hasa ndipo vimelea vya malaria hujificha. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi yao magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba chembe za damu zilizoingiliwa na vimelea hujishikiza katika kondo la nyuma kwa namna ya pekee. Mwili wa mwanamke mwenye mimba ya kwanza haujawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo, hata kama ameugua malaria tangu utotoni, kwa hiyo yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Tena anaweza asipate homa hata kidogo. Anapika, analima, anacheka na wenzake, na huku chakula cha mtoto kinazuiliwa mlangoni.

Ndiyo maana wajawazito hupewa vidonge vya SP kliniki hata wasipojisikia wagonjwa. Tangu mwaka 2012 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba vitolewe katika kila hudhurio kuanzia mwezi wa nne, kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. (Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia septrini hapewi SP, amweleze muuguzi.) Vidonge hivyo ni vya bei ndogo. Vinapokosekana zahanati kwa miezi, hilo si jambo la kuvumiliwa kwa utulivu, na kamati ya haki na amani ina kila sababu ya kuuliza vimekwama wapi.

Sitakaa sana juu ya sababu nyingine, maana mnazisikia kliniki: shinikizo la damu linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, upungufu wa damu pamoja na minyoo ya safura, kaswende isiyotibiwa, mimba zinazofuatana upesi, mimba za wasichana ambao wao wenyewe bado wanakua, sigara na pombe. Kila moja inahitaji kipimo au tiba inayojulikana.

Nitakaa kidogo juu ya kazi. Jembe halimwogopi mjamzito. Miezi ya kulima na kupalilia ndiyo miezi ya ghala tupu, kwa hiyo mwili wa mama hutozwa mara mbili kwa wakati mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inamkataza kumtaka afanye kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua. Ni sheria njema. Lakini kibarua wa msimu anayelipwa kwa kilo alizochuma haambiwi habari zake, naye akipumzika halipwi. Na yule anayelima shamba la mumewe hana mwajiri wa kushtakiwa. Katika suala lake hakuna mahakama isipokuwa baraza la ukoo, jumuiya, na wanaume wenyewe. Baba zangu mlioko hapa, kuchota maji kwa miezi 3 ya mwisho hakumpunguzii mtu heshima yake, na akicheka jirani, acheni acheke.

Umri wa mimba

Narudi kwenye watoto wetu wawili. Niliwatofautisha kwa urahisi kwa kuwa niliwapa wiki za mimba. Lakini katika maisha halisi mara nyingi mama hajui tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na amekuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi sita. Hapo hakuna awezaye kusema kwa hakika kama mtoto ni njiti au ni mdogo kwa umri wake. Umri usipojulikana, dhuluma aliyotendewa haionekani. Atahesabiwa tu kuwa mdogo.

Mama anayefika kabla ya wiki 12 huweza kukadiriwa umri wa mimba kwa usahihi. Kisha katika kila hudhurio mkunga humpima tumbo kwa utepe wa sentimita, kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Kati ya wiki 24 na 36 hivi, sentimita hukaribiana na wiki: wiki 30, sentimita 30 au karibu yake. Ikiwa tumbo limebaki nyuma, mama atazamwe zaidi, na ikibidi apelekwe hospitali kabla mtoto hajachoka. Utepe huo ni ule ule wa fundi cherehani.

Kwa nini basi mama huchelewa? Wapo wanaoficha mimba kwa kuogopa jicho la watu. Wapo walio mbali. Na zipo zahanati ambapo mama anayekuja peke yake huambiwa arudi na mumewe, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mume. Nia ya kuwashirikisha wanaume katika kupima ni njema. Lakini binti aliyekimbiwa, akirudishwa mlangoni mara moja, hatarudi tena hadi uchungu umshike. Utaratibu unaomwadhibu aliyeachwa kwa kosa la aliyemwacha hauwezi kuitwa wa haki, hata ukibandikwa ukutani na kupigwa muhuri.

Akishazaliwa

Mtoto huyu wa pili ana hila moja: anadanganya kwa uchangamfu wake. Kwa kuwa ametimiza miezi, analia vizuri na macho yake yako wazi, hivyo watu humwona mzima na kumpeleka nyumbani mapema. Lakini hana akiba. Mafuta ya mwili ni kidogo, sukari iliyohifadhiwa katika ini ni kidogo, na kichwa kikubwa kinahitaji chakula. Saa chache zikipita bila kunyonya, sukari hushuka; akitetemeka au kulegea, akipoa mikono na miguu hata kifua, akikataa titi, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi.

Kwa hiyo awekwe kifuani kwa mama mara tu azaliwapo, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Baadaye anyonyeshwe kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, na akilala aamshwe. Asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Bibi zetu hupenda kumwogesha mtoto upesi ili aonekane safi mbele ya wageni; wageni na wasubiri.

Habari ya ngozi kwa ngozi ina historia yake. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá nchini Kolombia iliyokuwa na watoto wengi kuliko vitanda vya joto, daktari Edgar Rey alianza kuwafunga watoto wadogo vifuani mwa mama zao. Wengi waliiona kuwa tiba ya maskini. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza waimarike, walikufa asilimia 12.0, wale waliosubiri walikufa asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba huduma hiyo ianze mapema kwa kila mtoto njiti au mwenye uzito pungufu. Lakini kifua cha kumbeba mtoto kwa saa nyingi kila siku kinahitaji mtu ambaye haitwi jikoni. Baba aweza kumbeba. Joto la mwanamume halina kasoro.

Kuna mtakaouliza kama mtoto huyu akishanenepa mambo yamekwisha. Kwa wengi, ndiyo, hukua wakawa watu kamili. Hata hivyo huko Hertfordshire nchini Uingereza, tangu mwaka 1911, mkaguzi wa wakunga aitwaye Ethel Margaret Burnside aliagiza kila mtoto apimwe na kuandikwa. Miaka mingi baadaye daktari David Barker na wenzake walivipata vitabu hivyo, na mwaka 1989 wakaonyesha kwamba wanaume waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Si kwamba kila mtoto mdogo ameandikiwa maradhi. Ni hatari iliyoongezeka, na apimwe shinikizo la damu akiwa mtu mzima. Lakini kama mwaka ule wakunga wa Hertfordshire wasingeandika, tusingejua lolote.

Nalo ndilo ombi langu kwenu. Kabla ya kikao kijacho, kila kamati imwombe mganga mfawidhi wa zahanati yake aeleze juu ya daftari la uzazi la miezi 12 iliyopita. Msiombe majina, kwa maana hizo ni siri za wagonjwa. Ulizeni juu ya safu mbili tu: uzito wa mtoto, na wiki za mimba. Ulizeni ni wangapi walizaliwa chini ya gramu 2,500, na kati yao ni wangapi walikuwa wametimiza wiki 37, na mwezi gani wa mwaka walikuwa wengi. Kama safu ya pili ni tupu, mleteni jibu hilo vilevile, pamoja na sababu watakayowapa. Majibu tutayasoma kwa pamoja kikao kitakapoanza, kabla ya ajenda nyingine.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wa chai umefika. Walio na maswali ya faragha juu ya watoto wao nitakuwa kibarazani.